Mbwa wa Kuwindia na Simbilisi Katika Ua Mmoja

Mbwa wa kuwindia hulelewa apende kitu kimoja: kiumbe kidogo chenye manyoya kinachoshtuka na kukurupuka kwenye majani. Simbilisi ndiye huyohuyo. Anayewafuga wote wawili nyumba moja amejitwika tatizo ambalo haliondoki kwa kumwita mbwa mwizi wala kwa kumsifu kwamba ana akili. Na wafugaji wa namna hiyo si wachache. Huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa hadi Njombe na Mbeya, simbilisi ni mfugo wa kawaida: anakula nyasi na maganda, hataki mtaji, watoto wanaweza kumhudumia, na nyama yake ni kitoweo cha familia isiyotaka kumaliza kuku wake. Kwa kaya ya Nyololo, wilayani Mufindi, yenye shamba la mahindi nyuma ya nyumba, mbwa naye si pambo. Ndiye anayewatimua ngedere mahindi yanapobeba, ndiye anayefukua panya na fuko, na ndiye anayebweka usiku mgeni asiyetarajiwa anapokatiza kutoka barabara kuu ya kwenda Tunduma. (Kusaka wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na ushauri huu hauhusu hilo. Unahusu mbwa mwenye damu ya uwindaji anayelinda shamba na nyumba.) Ninachokitetea hapa ni kwamba mbwa huyo anaweza kuzoeshwa kuwapuuza simbilisi wa nyumbani kwake, na anastahili kuzoeshwa, ila mafunzo hayo yana kikomo, na kikomo chenyewe ni pale mwenye nyumba anapogeuza mgongo. Mafunzo yanafaa kwa saa ambazo mtu yupo. Saa nyingine zote ziachiwe banda.

Kwamba jambo hili linawezekana hakuna haja ya kubishana sana, kwa kuwa ushahidi upo hata ndani ya mkoa wetu wa Iringa. Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mradi wa Ruaha Carnivore Project ulioanza mwaka 2009 uliwapa baadhi ya wafugaji mbwa wa aina ya Anatolian Shepherd, asili yake Uturuki, ili walinde mbuzi na ng'ombe dhidi ya fisi, chui na simba. Namibia ilitangulia: Cheetah Conservation Fund ilianza kuwagawia wafugaji mbwa wa aina hiyo mwaka 1994. Siri yao ni kwamba mbwa huwekwa zizini angali mtoto, akalala na mbuzi, akanusa mbuzi, akakua akiwaona mbuzi kuwa ndiyo jamaa zake. Hata hivyo mfano huo usitupumbaze. Anatolian amechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa sababu hana hamu kubwa ya kukimbiza. Mbwa wetu wa kuwindia amechaguliwa kwa sababu iliyo kinyume kabisa, na anayedhani kwamba atapata matokeo ya Ruaha kwa kumlaza kijibwa chake karibu na simbilisi wiki mbili atakuja kuzika simbilisi.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu unatoka mbali. Uingereza wapo wawindaji wa sungura wanaotumia mbwa pamoja na fereti, mnyama mwembamba anayefugwa, wa ukoo mmoja na kicheche wetu. Fereti huingizwa shimoni, sungura hutoka mbio kwa upande wa pili, na mbwa anayesubiri nje humdaka au humsukumia wavuni. Kwa dakika kadhaa mbwa huyo ana damu iliyochemka, amesimama juu ya shimo, anajua kwamba kitakachochomoza ni mawindo. Lakini kinachochomoza mara nyingine ni fereti, mdogo, mwenye manyoya, anayekwenda kasi. Mbwa aliyefunzwa vizuri humwacha apite. Ndicho tunachokitaka Nyololo, na huyo si mbwa mpole wa kulinda mbuzi, ni mwindaji kamili. Ameweza kwa sababu alitambulishwa kwa fereti polepole, nyumbani, kabla hajapelekwa shimoni hata mara moja, na kwa sababu wakati wote wa kazi mwenye mbwa amesimama palepale. Wawindaji haohao, wakirudi nyumbani, humfungia fereti kwenye sanduku lake lenye komeo. Wanamwamini mbwa wao kazini. Hawamwachi ua mmoja na fereti usiku kucha.

Ili kuelewa kwa nini upole wa mchana hautoshi usiku, ni vyema kujua uwindaji wa mbwa umejengwaje. Mtafiti Raymond Coppinger wa Marekani, aliyechunguza mbwa wa kazi kwa miaka mingi, alieleza kwamba uwindaji wa mbwa ni mfululizo wa vitendo: kugeukia, kukazia macho, kunyatia, kukimbiza, kukamata, kuua, kurarua. Kila kitendo huamsha kinachofuata, na kila kimoja kina utamu wake kwa mbwa hata kama hakuna nyama mwisho wake. Mambo mawili yanatokana na hilo. Kwanza, kumzuia mbwa anapokazia macho ni kazi ndogo. Kumzuia akiwa tayari anakimbiza karibu hakuwezekani, na kumwita jina kwa sauti kubwa wakati huo ni kumfundisha kwamba jina lake halina maana. Kwa hiyo mafunzo yote yafanyike mwanzoni mwa mfululizo, simbilisi akiwa ametulia na mbwa akiwa ndiyo kwanza amemgeukia. Pili, kinachofyatua mfululizo ule ni mwendo. Mbwa anaweza kulala mbele ya banda mwezi mzima bila neno, kisha simbilisi mmoja akapenya akakatiza uani kwa kasi, na ule mwezi mzima ukafutika kwa nukta moja. Si kwamba mbwa alikuwa mnafiki. Hakuwahi kufundishwa kuhusu simbilisi anayekimbia. Alifundishwa kuhusu simbilisi aliyekaa.

Umri ndio mtaji mkubwa kuliko yote. John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965 kuhusu tabia na urithi wa mbwa, walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi kijibwa hujifunza nani ni wa kwao, na kwamba baada ya dirisha hilo kufungwa, kujifunza huko huwa kugumu zaidi. Vijijini kwetu kijibwa hupewa mwenyewe akiwa na mwezi mmoja na nusu au miwili, na hapo bado kuna wiki kadhaa za thamani zisizopaswa kupotea. Kikapu chake kiwekwe mahali atakapolala akisikia milio ya simbilisi na kunusa majani wanayolalia. Ale hapohapo. Achukuliwe mikononi kila siku hadi kwenye wavu, aangalie, apewe kipande cha dagaa, aondolewe kabla hajachoka wala hajaanza mchezo wa kuparura. Jambo la kuogopa katika umri huo ni mchezo, maana ukali bado haujaja. Kijibwa kinachoruhusiwa kuwakimbiza simbilisi kwa furaha huku watoto wakicheka kinafundishwa uwindaji na walimu wenye moyo wa kujitolea.

Kwa mbwa mtu mzima njia ni ndefu zaidi, wala isipunguzwe. Aanze na harufu peke yake: chukua majani makavu ambayo simbilisi wamelalia, yaweke karibu na bakuli lake la chakula kwa siku kadhaa, mpaka aache kuyanusa kwa pupa na kuyapita kama nyasi nyingine. Baada ya hapo ndipo aone. Mfunge kamba imara, si kamba chakavu ya katani inayokatika kwa mshtuko mmoja, na umsimamishe mbali na banda, mbali kiasi kwamba anawaona simbilisi lakini bado anaweza kula kitu mkononi mwako. Kula ni kipimo kizuri kuliko vyote: mbwa aliyekataa dagaa kwa sababu ya simbilisi yuko karibu mno, na suluhisho ni kurudi nyuma hatua kadhaa, si kumgombeza. Msome mwili. Mdomo ukifumba ghafla, masikio yakaelekea mbele, mguu mmoja wa mbele ukainuka, mwili ukakakamaa kama ubao, tayari ananyatia ingawa hajasogea. Msubiri ageuze kichwa mwenyewe, hata kidogo, na pale anapokigeuza mpe chakula mara moja. Unachomlipa ni kuacha kutazama. Akishaelewa kwamba simbilisi wakionekana faida inatoka kwako, ataanza kuwatazama mara moja kisha kukugeukia, na hapo ndipo mnaweza kusogea karibu, siku hadi siku, dakika chache asubuhi na chache jioni, baada ya kazi iliyomchosha kidogo.

Hatua inayorukwa mara nyingi ni ile ya mwendo. Mbwa akiweza kukaa kwa utulivu karibu na banda, mtu mwingine awatupie simbilisi majani mabichi, maana hapo watakimbilia chakula, watapiga miluzi yao, watasukumana. Kwa mbwa, simbilisi hao ni wanyama wapya kabisa, na inabidi aanze tena mbali. Kisha watoto nao waingie kwenye picha: mtoto anayembeba simbilisi kifuani akipita mbele ya mbwa anashika kitu kinachonukia mawindo, kilicho usawa wa mdomo wa mbwa, na kinachohangaika. Mtoto asifanye hivyo hata kidogo mbwa akiwa hajafungwa. Kinachofundishwa na mtu mmoja peke yake, mahali pamoja, saa moja, mbwa hukichukua kuwa ni sheria ya mtu huyo, mahali hapo, saa hiyo. Kwa hiyo baba, mama na vijana wakubwa wapokezane kamba.

Wapo watakaosema haya yote ni kumdekeza mnyama, na kwamba wazee walikuwa na dawa fupi zaidi: mbwa akiua kuku au simbilisi, mpige, kisha mfunge mzoga shingoni mpaka uoze. Dawa hiyo inajulikana sehemu nyingi duniani na si huku tu, na inaonekana kufanya kazi kwa sababu mbwa aliyepigwa hunywea mbele ya aliyempiga. Lakini alichojifunza ni nini? Fimbo humkuta mbwa muda mrefu baada ya utamu wa kukimbiza kupita, hivyo haiunganishi na uwindaji. Anaiunganisha na mtu, na kuwapo kwa mtu. Matokeo ni mbwa mwenye heshima sana mwenye nyumba akiwepo na hatari zaidi akiondoka. Baya zaidi ni mbwa anayepigwa simbilisi akiwa mbele yake, kwani anaweza kujifunza kwamba mnyama huyu mdogo ndiye chanzo cha maumivu, akamchukia badala ya kumzoea. Kuhusu mzoga shingoni, mbwa hula mizoga. Kumfunga chakula kilichooza kidevuni ili akichukie ni kumpima kwa pua ya binadamu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na ndilo linalowafanya wanaume wengi wakatae kabisa kuanza: mbwa akishafundishwa kuacha, ataacha vyote, ngedere watakula mahindi akiwatazama. Kama tungekuwa tunamfundisha kwa hofu, pingamizi hili lingekuwa la kweli, kwa sababu hofu husambaa na mbwa mwenye hofu husita kila mahali. Lakini mbwa ana uwezo mkubwa wa kutenganisha mambo kwa mahali na kwa harufu. Mbwa yuleyule anayedaka sungura huko Uingereza ndiye anayempisha fereti kwenye shimo hilohilo. Karibu zaidi na sisi, mbwa wengi wa shamba hupita katikati ya kuku wa nyumbani wakielekea kumtimua nguchiro anayewawinda kuku hao, na hakuna anayeshangaa. Tofauti iwekwe wazi: shambani afunguliwe, ahimizwe, apewe sauti moja ya kumruhusu, na mafunzo ya banda yafanyike uani tu, kwa kamba, bila sauti hiyo kusikika hata siku moja. Anayemhimiza mbwa wake kwa neno hilohilo kote, kisha akashangaa anaporukia banda, amejichanganya mwenyewe kabla ya kumchanganya mbwa.

Kuna na wale wanaoamini kwamba mbwa awe na njaa ndipo awinde vizuri. Njaa haiumbi hamu ya kukimbiza. Mbwa aliyeshiba hukimbiza pia, kama paka aliyeshiba anavyoua panya na kumwacha. Kinachofanywa na njaa ni kuirefusha safari hadi kwenye kuua na kula, na kumfanya mbwa azungukie banda usiku kutafuta mwanya. Mbwa anayeishi na simbilisi apewe ugali wa kutosha wenye dagaa au mabaki yaliyopikwa. Simbilisi wanapochinjwa, wachinjwe mbali na macho yake, na utumbo, ngozi na damu asipewe vibichi. Uchoyo si sababu. Hakuna faida ya kutumia miezi kumfundisha kwamba harufu hii si chakula, kisha jioni moja umwekee harufu hiyo bakulini.

Sasa banda, ambalo nasisitiza kwamba lijengwe kabla ya mafunzo kuanza, si baada ya hasara ya kwanza. Kaya nyingi huwaacha simbilisi watembee jikoni na kulala pembeni ya mafiga, hasa kipindi cha baridi cha Juni na Julai ambapo Mufindi hapalaliki nje. Mazoea hayo yanaeleweka, lakini jikoni mlango huwa wazi na mbwa huvutwa na moto kama sisi. Anayependa simbilisi wakae jikoni aweke angalau mlango wa nusu, mrefu kuliko mbwa anavyoweza kuruka, na kona iliyozibwa kwa mbao ambayo simbilisi wanaingia na mbwa hawezi hata kupenyeza pua. Anayeweza kujenga banda la nje yuko pazuri, kwa sababu msitu wa kupandwa wa Sao Hill na viwanda vya mbao vya Mafinga vimefanya mabanzi yasiwe kitu cha kutafuta mbali. Banda liinuliwe juu ya nguzo, usawa wa kiuno cha mtu, liwe na sakafu ya mbao, sehemu ya giza ya kujificha, na komeo ambalo halifunguki kwa kusukumwa na pua. Wavu mwembamba wa kuku humzuia kuku asitoke. Mbwa aliyepania huurarua. Tafuta wavu mgumu wa chuma wenye matundu madogo, uupigilie kwa nje ya fremu ili mbwa akisukuma aubane kwenye mbao badala ya kung'oa misumari. Gharama hiyo hailipwi kwa ajili ya mbwa peke yake: nguchiro, kicheche na kanu nao wanapita usiku, na wao hawakuhudhuria mafunzo yoyote.

Sehemu ya giza ina kazi nyingine ambayo husahaulika kwa sababu kila mtu anamwangalia mbwa. Simbilisi naye anazoeshwa. Mnyama asiye na pa kujificha hukimbia ovyo, na kukimbia kwake ndiko kunakomwamsha mbwa. Mwenye pa kujificha huingia humo, hutulia, na baada ya siku kadhaa hutoka kula ijapokuwa mbwa amelala upande wa pili. Majike wenye mimba wahurumiwe zaidi. Simbilisi hubeba mimba kwa zaidi ya miezi miwili, muda mrefu kwa mnyama wa ukubwa wake, na hofu ya kila siku katika muda huo inaweza kuharibu uzao mzima. Sungura wa kufugwa naye ana hatari yake: akishtuka sana hurusha miguu ya nyuma kwa nguvu kiasi cha kuweza kujivunja uti wa mgongo akiwa ndani ya banda salama, bila mbwa kumgusa. Kwa wafugaji wa sungura, kwa hiyo, pazia la gunia upande anaopita mbwa lina manufaa kuliko mafunzo yoyote ya wiki za mwanzo.

Kuhusu magonjwa nitasema machache. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na afisa mifugo wa kata aulizwe lini chanjo inafika. Simbilisi akitobolewa na jino, hata tundu dogo tu, asidhaniwe amepona kwa sababu anatembea. Mdomo wa mbwa una bakteria wanaoweza kumuua siku chache baadaye. Baadhi ya dawa za viroboto zilizo salama kwa mbwa huweza kumuua sungura, basi mbwa aliyepakwa dawa leo asilale ubavuni mwa banda leo. Na mtu akiumwa na mbwa katika purukushani ya kuwatenganisha, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Linalovunja kazi ya wengi ni mbwa wa jirani. Mbwa mmoja aliyefunzwa, akiwa peke yake, hutii alichofunzwa. Akijiunga na wenzake wawili watatu wanaozurura baada ya saa mbili usiku, anakuwa mbwa mwingine. Mmoja akianza kukimbiza, wote hukimbiza, na mwenye mafunzo hana nafasi ya kugeuza kichwa kutafuta dagaa. Ndiyo maana mbwa wa nyumba yenye simbilisi afungwe au afungiwe ndani ya ua usiku, na kama hakuna ua, ajengewe kibanda chake upande mwingine wa nyumba. Faida ya pili ni kwamba kwenye barabara kuu ile ya kwenda Tunduma mbwa wanaozurura usiku hawazeeki.

Waswahili husema mzoea kunyonga kuchinja hawezi, na kwa mbwa wachache usemi huu unasimama bila kupingwa. Mbwa aliyekwisha kuua simbilisi mara kadhaa, akaonja damu yao, akajua na mlango unafunguka vipi, anaweza kufundishwa avumilie kuwaona akiwa kwenye kamba, lakini asitegemewe zaidi ya hapo. Mbwa wako akiua mara ya kwanza, usimpige. Mtoe, mfunge, kagua ni wapi banda limeachia, litengeneze, na uanze upya kwenye harufu. Akirudia wakati banda ni zima na kamba ilikuwepo, chagua mmoja kati yao. Ukimchagua simbilisi, mbwa mpe mtu mwenye shamba kubwa asiyefuga kiumbe kidogo chenye manyoya, umweleze wazi kwa nini unamtoa, na umkabidhi pamoja na kadi yake ya chanjo.